Kupeleka Sauti Kashebere

Tangu nirudi, hakuna aliyepita kwenye karakana yangu hapa Goma bila kuuliza: "Solange, ilikuwaje kule?" Nimejibu nikiwa na chuma cha kulehemu mkononi, nimejibu nikiwa na njaa, na kila nikifika katikati mtu ananikatiza kuuliza habari ya dhahabu. Hakukuwa na dhahabu. Naandika mara moja, msome wote, kisha mniache nifanye kazi.

Mnajua kazi yangu ni kutengeneza redio na vipaza sauti vya makanisa, na mnajua kwamba vipuri vinavyobaki naundia vyombo vya muziki ambavyo hakuna aliyeniomba. Kimojawapo ni kile kisanduku cha mbao chenye antena mbili, moja imesimama, nyingine imepindwa kama mkono wa kikombe. Chombo hicho hakiguswi. Ukisogeza mkono karibu na antena iliyosimama, sauti inapanda. Ukiurudisha nyuma, inashuka. Mkono wa pili, kwenye ile iliyopindwa, unaikuza sauti au kuifinya mpaka inyamaze. Redio mbovu hupiga mluzi mtu akipita karibu. Mimi nimeufundisha mluzi huo adabu, basi.

Aliyekipenda ni Mama Vumilia, dada mkubwa wa mama yangu. Ameolewa Kashebere, na kwa miaka mingi ndiye aliyeongoza korali ya kanisa lao. Alikuja Goma kupasuliwa rovu lililomvimba shingoni. Rovu likaondoka, na sauti ikaondoka nalo. Mambo hayo hutokea, walituambia, hata mpasuaji akiwa hodari. Akabaki ananong'ona tu. Alipokuwa kwangu akipona, alikuwa anakaa karakanani kutwa bila neno, mpaka siku alipopita mbele ya kisanduku nikiwa nakijaribu, nacho kikalia. Akasimama. Akasogeza mkono, kikapanda, akaurudisha, kikashuka. Alicheka bila sauti, mabega tu yakitikisika. Sikuwa nimemwona akicheka tangu atoke hospitali.

Akarudi kwake. Baadaye ujumbe ukaja kwenye simu yangu kutoka kwa jirani yake: korali inavunjika, watu hawaji mazoezini, na Jumapili ya shukrani ya mavuno watachagua kiongozi mwingine. Mama Vumilia mwenyewe hakuniita. Mimi niliamua kumfikishia kisanduku kabla ya Jumapili hiyo. Nilikuwa na muda wa kutosha, au ndivyo nilivyodhani.

Goma mpaka Sake

Bahati ni motari ninayemwamini kwa sababu haendeshi pikipiki kwa fujo. Ubaya wake ni kwamba hasikilizi. Alikifunga kisanduku nyuma yangu kwa mipira, juu ya gunia la chumvi alilokuwa anapeleka Kashebere, akalivuta gunia, akaridhika. Nilimwomba asikibane upande wa swichi. Akasema, "Usiogope, dada," akakibana upande wa swichi.

Tulipokaribia Mubambiro mtikisiko ukaiwasha swichi, na kisanduku kikaanza kulia. Kambi ya wanajeshi iko pale pale kando ya barabara, na sijui mahali pabaya zaidi pa kupita na kitu kinacholia. Bahati akaizima moto yake, ile pikipiki, akashuka, akarudi nyuma hatua kadhaa. Kwa kuwa mwili wake sasa ulikuwa mbali, sauti ikashuka ikawa mngurumo.

"Unaona?" akasema. "Iko moteri. Nimeizima, nayo inanyamaza."

"Haiko moteri, Bahati. Iko kisanduku."

"Ngoja."

Akatandaza kitambaa barabarani, akafungua kabureta. Kila alipoinama karibu na gunia kisanduku kilipiga kelele, alipojitenga kikapoa, na jambo hilo lilimhakikishia kwamba injini ilikuwa inamwogopa. Mimi nilikuwa bado juu ya kiti, nimebanwa na gunia, najaribu kupenyeza kidole hadi kwenye swichi. Askari waliokuwa wamekaa ng'ambo ya barabara walitutazama, na nashukuru hawakuona haja ya kusimama. Mwishowe kidole kikafika. Kimya.

Bahati akaitazama kabureta iliyokuwa mikononi mwake. "Njo hii," akasema, akimaanisha ndiyo hiyo iliyokuwa inalia. "Ilikuwa na muchanga."

Mpaka leo anawasimulia watu jinsi alivyotengeneza moto yake Mubambiro. Sake tulikula sambaza, vile vidagaa vya ziwani, na bugali, na saa za asubuhi zilikuwa zimekwisha.

Sake mpaka Masisi

Juu ya Sake barabara inapanda mpaka kwenye malisho, na ukungu hushuka hadi magotini. Hapo tulikuta kamba imevutwa kutoka upande mmoja wa njia hadi mwingine, na vijana wenye bunduki. Sikuuliza ni wa kundi gani. Njia ile mtu haulizi.

"Hii iko nini?" akauliza mmoja wao, akigonga kisanduku kwa ukucha.

"Iko chombo ya muziki, kaka. Namupelekea mama mukubwa wangu ku Kashebere."

"Piga."

Nikafungua shitingi, turubai la plastiki tulilokuwa tumekifunikia, nikapiga wimbo wa kanisa. Nipo tayari kukiri kwamba mimi ni fundi, si mpigaji. Vidole vyangu vilikuwa baridi na kila noti ilitetemeka.

"Hii haiko muziki," akasema. "Muziki iko na ngoma. Hii iko ya kuitana na bantu ya ngambo. Tungoje Komanda."

Komanda alikuwa anakula. Tukangoja amalize kula, kisha anawe mikono, kisha azungumze kwa simu huku akizungukazunguka kutafuta mtandao. Hatimaye akaja, mtu mfupi mwenye buti za mpira, akakikaribia kisanduku. Kikapanda sauti. Akasimama. Akarudi nyuma, kikashuka. Akasogea tena, kikapanda tena.

"Inanijua," akasema.

"Inajua mwili ya kila muntu, Papa. Mwili inashika umeme kidogo, njo maana..."

"Inajua mwili." Akawageukia watu wake. "Basi itajua na mwili ya mwizi."

Nilieleza kwamba hapana. Nikaeleza kwa Kiswahili, kwa Kifaransa, na kwa Kihunde nilichobakiwa nacho. Hakuna aliyenisikia, kwa sababu Komanda alikuwa tayari anawapanga watu wake mstari. Alikuwa na fromaji yake nzima, jibini la duara la Masisi, ameiweka kwa ajili ya mgeni, na imeliwa. Akaamuru kila mmoja apite mbele ya kisanduku. Wa kwanza akapita, kikalia. Wa pili akapita, kikalia. Kikawalilia wote hadi wa mwisho, maana hakijui kazi nyingine. Nilikuwa nimesimama pale nikijua kwamba mtu anaweza kupigwa risasi kwa sababu ya antena niliyoitoa kwenye redio ya gari.

Komanda akawatazama. "Inasema mulikula bote."

Kisha yule aliyekuwa amegonga kisanduku kwa ukucha akatazama chini. "Njo vile, Komanda. Tulikula bote."

Hapo Bahati, ambaye siku nzima hakuwa amesikiliza jambo lolote, akaona ni wakati wa kuonyesha kwamba amefuatilia. "Na weye ilikulilia, Komanda," akasema.

Niliangalia shingo yake nikitamani kuishika kwa mikono miwili. Komanda naye alimwangalia. Kisha akakuna kidevu. "Ni kweli," akasema. "Nilikata kipande ya kwanza."

Walicheka mpaka ng'ombe wakageuka. Mimi nilicheka baadaye, Masisi, si pale. Kamba ikashushwa, lakini jua lilikuwa limeshainama, na ilitubidi kuomba mahali pa kulala njiani kwa wachungaji, waliotupa mashanza, maziwa yao ya mgando, na viazi. Masisi tuliifikia kesho yake tukiwa tumechelewa, na habari ya kisanduku kinachokamata wezi ilikuwa imefika kabla yetu.

Masisi mpaka Nyabiondo

Mvua ilianza tulipoipa Masisi mgongo. Barabara ikawa uji. Mbele yetu lori la maharagi lilikuwa limelala ubavu, limeziba njia yote, na abiria wake walikuwa wameketi ukingoni wakiwa wametulia kama watu waliokuja kwenye harusi. Niliuliza litatolewa lini. Mama mmoja akaniambia, "Likitoka, tutajua." Tulilala pale, chini ya shitingi iliyokuwa ya kisanduku, na tulipoamka tulikula mihogo ya kuchemsha ya abiria wenzetu. Hakuna aliyeonekana kuwa na Jumapili ya kuwahi isipokuwa mimi.

Bahati alichoka kungoja, akaona kichochoro pembeni ya lori. Nilimwambia kwamba kinateleza. Akasema, "Usiogope, dada." Tukaanguka sote, sisi, moto, gunia la chumvi na kisanduku, ndani ya mfereji. Nilipokiinua, maji yalitoka kwenye matundu ya sauti.

Nyabiondo tulipokelewa na Mama Riziki, mjane anayelima maharagi kwenye kilima, ndugu wa mke wa Bahati. Alituwekea bugali, sombe ya majani ya mihogo na maneno mazuri. Nilifungua kisanduku, nikatoa koili, zile nyaya nyembamba zilizozungushwa kwenye bomba na kushikiliwa kwa nta, nikazipanga juu ya kitambaa mbali na moto zikauke polepole. Nilimwomba Mama Riziki asiruhusu kuku. Kisha nikajinyoosha kidogo mchana ule, kwa kuwa mwili ulikuwa umekataa.

Nilipoamka, kitambaa kilikuwa kitupu.

"Mama, vitu vyangu viko wapi?"

"Nilikuonea huruma," akasema. "Pale chini haingekauka. Nimeiweka kule juu, ku mahindi."

Alikuwa ameziweka kwenye kichanja kilicho juu kabisa ya moto, ndani ya moshi. Nta yote ilikuwa imeyeyuka, imedondoka kwenye sufuria ya maharagi, na nyaya zilikuwa zimelegea na kujinyonga kama nywele za mtu aliyetoka usingizini. Niliketi chini. Neno nililokuwa nalo halisemwi kwa mama mwenye umri ule.

"Mahindi haijalalamikaka hata siku moja," akasema Mama Riziki, ameanza kuelewa.

Tulikula maharagi yale yenye ladha ya mshumaa. Siku iliyofuata tulikaa kutwa tukizungusha waya upya, mimi nikigeuza bomba, yeye akiachia waya kidogo kidogo kati ya vidole vyake. Waya ulikatika. Tukaanza tena. Kwa nta tulitumia mishumaa aliyoiomba kwa jirani. Akaniuliza chombo ni cha nani, nikamtajia Mama Vumilia wa Kashebere, na vidole vyake vikasimama.

"Ule aliimba ku kilio ya bwana yangu," akasema. "Siku zile nilikuwa jiwe. Bantu walikuya, walienda, mimi jiwe. Aliimba yeye, njo nikalia." Akaendelea kuachia waya. "Sasa banasema hana sauti."

"Anayo ya kunong'ona tu."

"Basi zungusha," akasema.

Kesho yake tulikuwa bado tunafunga koili ya mwisho kengele za kanisa zilipolia bondeni. Ilikuwa Jumapili. Niliendelea kufunga, kwa kuwa sikujua la kufanya lingine.

Nyabiondo mpaka Kashebere

Hapa ndipo dhahabu yenu inapoingia, basi sikilizeni vizuri.

Kuna daraja la magogo lililokuwa limepoteza magogo kadhaa, na watu walikuwa wanangoja yaletwe mengine. Kwenye foleni akanijia mtu mwenye koti safi la mvua na kofia, anayenunua madini vijijini. Alijitambulisha kuwa Papa Déo, na habari ya kisanduku ilikuwa imemfikia ikiwa imeshageuka.

"Dada," akasema kwa sauti ya chini, "mashine ya kuona zahabu njo hii?"

"Hapana, Papa. Iko ya muziki."

"Naelewa." Akatikisa kichwa kwa heshima. "Iko ya muziki."

"Kweli, Papa. Iko ya korali ya kanisa."

"Naelewa kabisa. Kila mwenye mashine anasemaka vile."

Tulipovuka, nilisimama kando ya njia kukijaribu kisanduku, nione kama koili zimeshika. Kililia vizuri kuliko nilivyotegemea, na kwa mara ya kwanza katika safari nzima nilitabasamu. Nilipogeuka, Papa Déo alikuwa nyuma yetu, anaweka jiwe mahali pale nilipotabasamia. Nikamwendea, nikampungia mikono mbele ya antena aone kwamba ndiyo inayofanya sauti, wala si ardhi. Akanishukuru kwa kumwonyesha. Niliporudi baada ya siku nyingi nilikuta shimo pale lenye kimo cha mtu, watu wakichimba, na Papa Déo ukingoni. Alinivulia kofia.

Kashebere

Tulifika Jumanne. Mama Vumilia alikuwa mlangoni anachagua mawe kwenye maharagi. Alinishika uso kwa mikono miwili. "Umekonda," akanong'ona. "Kula kwanza."

Nilikula kwanza. Kisha nikauliza habari ya Jumapili, ingawa nilijua. Walikuwa wamemchagua Dieudonné, mwalimu wa shule ya msingi, mwimbaji wa tena, ile sauti ya juu ya kiume, mtu mpole ambaye alikuja siku hiyo hiyo kunisalimia na hakujua aweke wapi mikono yake.

"Mama mwenyewe njo alisema nikubali," akaniambia, kana kwamba nilikuwa nimemshtaki.

Basi nilikuwa nimepita kamba, mfereji na maharagi ya mishumaa ili nifike baada ya shughuli kwisha. Nilikitoa kisanduku kwa sababu tu nilikuwa nimekibeba. Mama Vumilia akasimama mbele yake, akainua mkono. Kashebere kuna unyevu kuliko Goma, na koili za Nyabiondo hazikuwa koili za karakana yangu. Sauti ikapanda ghafla, ikaruka, ikakwaruza.

"Iko nalia sawa mbuzi," akanong'ona.

Nilianza kumfundisha. Weka kiwiko hivi, usipumue kwa nguvu, mwili usitikisike. Nilisema sana. Akanisikiliza kwa ustahimilivu, kisha akanionyesha mlango. Nikatoka. Jioni ile na kesho yake yote nilikaa nje na Bahati, aliyekuwa amekuja kuonyesha watu kabureta yake, tukimsikia yule mbuzi ndani ya nyumba akipanda na kushuka. Majirani walileta viti. Nilikuwa nimeudhika kiasi kwamba nilianza kuhesabu vipuri ambavyo ningeokoa nikikivunja.

Siku ya mazoezi alinionyesha kwa kidole nikibebe hadi kanisani. Kwenye benchi la nyuma kabisa, karibu na mlango, akasema niweke pale. Nikaunganisha betri. Watu walikuja wachache. Walimsalimia kwa aibu, wakapita mbele, wakasimama mbele ya madhabahu alipokuwa Dieudonné.

Dieudonné alikohoa, akawapa noti ya kuanzia. Ilikuwa juu mno. Ni mtu wa tena, na hofu ilikuwa imempandisha zaidi. Akina mama wakaanza wakijikamua, sauti ya kwanza ikakatika kabla ya mstari kwisha, mtu mmoja akaacha kuimba, wa pili akaacha. Nikasema moyoni, ndivyo korali inavyokufa.

Kisha nyuma yangu ikatoka noti ndefu, imetulia. Sikujua kwamba kisanduku changu kinaweza kutoa noti iliyotulia vile. Haikuanza pale ilipotakiwa. Ilianza juu, kwenye noti ya Dieudonné, ikawachukua pale walipokuwa, ikateremka nao taratibu mpaka mahali wimbo unapokaa. Na wao wakateremka. Hakuna aliyewaambia. Wale walioacha wakaingia tena. Nilipogeuka, Mama Vumilia alikuwa amefumba macho, mkono hewani, vidole vikikunjuka kimoja kimoja kila mstari ulipopanda, na mkono wa pili ukifinya sauti kila walipovuta pumzi, ili wajue kwamba ni hapo pa kuvutia. Hakuwa anapiga wimbo. Alikuwa anawaongoza, nami nilikuwa nimehangaika kumfundisha kiwiko.

Wimbo ulikwisha. Mama mmoja wa safu ya mbele alikuwa anajifuta uso kwa kitenge, akasema, bila kumwambia mtu yeyote, "Ni yeye."

Dieudonné alishuka akaja hadi benchi la nyuma. "Mama," akasema, "leta ile kitu hapa mbele. Kiti iko yako."

Mama Vumilia akanivuta shingo, akaninong'oneza sikioni, nami nikasema kwa sauti yale aliyosema: "Anasema hapana. Hapa nyuma anawasikia bote."

Nilidhani Dieudonné ataona haya mbele ya watu wake. Akarudi mbele, akaishika korali mabegani, mmoja mmoja, akawageuza. Wote wakasimama wameipa madhabahu mgongo, wanamtazama bibi mmoja karibu na mlango, mkono wake umeinuliwa.

Pastori aliingia wakati huo huo, akauliza kwa nini korali imeangalia mlango. Hakuna aliyemjibu, maana noti ilikuwa imeshatolewa.